Njia ya mkato ya baba si ya mwana

Kwa zaidi ya miaka 30, reli ya Arusha ilikuwa njia ya mkato. Treni ya abiria haikuja, nyasi ziliota kati ya mataruma, na watu walipita wakikokota baiskeli bila wasiwasi.

Reli hiyo, iliyofika Arusha mwaka 1929 ikitokea Moshi, ilifufuliwa. Oktoba 2020 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikarejea. Mzazi wa Sokon I anayemruhusu mtoto kupita relini kwa kuwa naye alipita utotoni, anasahau kwamba mambo yamebadilika.

Hatari zaidi ni darajani. Treni haiwezi kukwepa, na hata ikifunga breki husogea mamia ya mita kabla ya kusimama. Mtoto aliye katikati ya daraja hana pa kujibanza.

Daraja la reli laweza kuwa njia ya miguu na baiskeli, ila treni ikishaacha kupita kabisa. Huko Poughkeepsie, Marekani, daraja la mwaka 1889 liliungua mwaka 1974 likaachwa. Lilitandikwa sakafu ya zege, likawekewa kingo, na mwaka 2009 likafunguliwa kwa watembea kwa miguu. Lina zaidi ya kilomita 2.

Kwetu treni ipo. Wiki hii tembea na mwanao njia yake ya shule, mwonyeshe pa kuvukia, naye akuonyeshe wanapopita wenzake. Kama hakuna kivuko salama, lifikishe jambo hilo kwenye mkutano wa mtaa.