Minyoo na lishe duni: Vita viwili ambavyo shule haziwezi kuvitenganisha

WAHENGA walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa wanafunzi wengi wa shule za msingi nchini, hasa wa maeneo ya Magharibi, Nyanza na Pwani, kikulacho hakimo nguoni bali kimo tumboni. Hula sehemu ya chakula anachopewa mtoto, hunyonya damu yake, kisha humwacha akisinzia darasani huku mwalimu akidhani ni mvivu.

Mara nyingi mtoto mwenye minyoo haonekani kuwa mgonjwa. Hapandwi na homa kali wala halazwi hospitalini. Hukua polepole kuliko wenzake, huchoka upesi, hupoteza hamu ya chakula na hukosa shule siku moja leo na nyingine wiki ijayo. Kwa kuwa dalili hizi huja kidogo kidogo, wazazi wengi huzizoea na kuziona kuwa sehemu ya maumbile ya mtoto.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kuwa watu bilioni 1.5 ulimwenguni wana minyoo inayoenezwa kupitia udongo. Idadi hiyo ni karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani, na watoto wa umri wa kwenda shule ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi.

Aina za minyoo na madhara yao

Kuna aina tatu kuu za minyoo wanaoenezwa kupitia udongo. Wa kwanza ni mchango, mnyoo wa mviringo anayeweza kufikia urefu wa sentimita 30 au zaidi. Jike mmoja hutaga takriban mayai 200,000 kwa siku. Mayai hayo hutoka na kinyesi na huweza kudumu udongoni kwa miaka kadhaa, yakisubiri kubebwa na mikono michafu, mboga zisizooshwa au maji yasiyo safi hadi kinywani mwa mtu mwingine.

Wa pili ni mnyoo wa safura. Ingawa urefu wake ni takriban sentimita moja pekee, madhara yake ni makubwa. Hasubiri kumezwa, kwani viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu anayetembea miguu mitupu, husafiri kwa damu hadi mapafuni, kisha huishia kwenye utumbo. Huko hujishikiza ukutani na kunyonya damu usiku na mchana. Mtoto mwenye minyoo wengi wa aina hii hupoteza madini ya chuma kwa kasi kuliko chakula chake kinavyoweza kuyarejesha, na matokeo yake ni upungufu wa damu.

Wa tatu ni mnyoo mjeledi, aliyepewa jina hilo kutokana na umbo lake. Huyu hujichimbia kwenye utumbo mpana na, akiwa na wenzake wengi, huweza kusababisha kuhara damu kwa muda mrefu.

Mbali na hao watatu kuna kichocho, maradhi yanayoletwa na minyoo wa jamii tofauti ambao hukulia ndani ya konokono wa majini. Mtoto huambukizwa anapooga, kuogelea au kuchota maji kwenye ziwa, mto au mfereji wenye konokono hao. Katika maeneo ya Pwani aina iliyozoeleka ni ile inayomfanya mtoto akojoe damu. Katika ukanda wa Ziwa Victoria na mashamba ya mpunga ya Mwea, hushambulia zaidi utumbo na ini.

Uhusiano wa minyoo na lishe ni wa pande mbili. Minyoo humnyima mtoto hamu ya kula, huzuia mwili kufyonza vitamini A na virutubisho vingine, na humpotezea damu. Kwa upande mwingine, mtoto asiyekula vizuri huwa na mwili dhaifu usioweza kustahimili hata minyoo wachache. Ndiyo maana kumpa mtoto dawa bila chakula, au chakula bila dawa, ni sawa na kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Funzo la Busia

Kenya ina nafasi ya pekee katika historia ya vita dhidi ya minyoo duniani. Mnamo 1998, shirika la ICS kwa ushirikiano na maafisa wa afya wa wilaya ya Busia lilianzisha mpango wa kuwapa dawa wanafunzi wa shule 75 za msingi zilizokuwa na zaidi ya watoto 30,000. Shule hizo ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupokea dawa mwaka huo wa 1998, la pili 1999 na la tatu 2001.

Vipimo vya awali vilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule hizo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004 katika jarida la Econometrica. Waligundua kuwa visa vya wanafunzi kukosa shule vilipungua kwa angalau robo moja katika shule zilizopewa dawa.

Zaidi ya hayo, hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika. Pale ambapo wengi wametibiwa, mayai yanayomwagwa udongoni hupungua, na hivyo uwezekano wa jirani kuambukizwa hupungua pia. Hata hivyo, watafiti hao hawakupata ushahidi kuwa alama za mitihani ziliongezeka katika kipindi hicho.

Watoto hao wa Busia waliendelea kufuatiliwa hadi ukubwani. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2021, miaka 20 baada ya dawa kutolewa, ilionyesha kuwa waliopata matibabu kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na mapato ya saa yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 13, na matumizi yaliyozidi kwa asilimia 14. Kremer alikuwa miongoni mwa watafiti watatu waliotuzwa Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi ya kutafuta njia za kupunguza umaskini kwa majaribio ya aina hii.

Si wataalamu wote wanaokubaliana na matumaini hayo. Mnamo 2015, watafiti wa London waliopitia upya takwimu za Busia walitilia shaka baadhi ya matokeo yake, hasa kuhusu mahudhurio. Tathmini za mtandao wa Cochrane, ambao hujumlisha majaribio kutoka nchi nyingi, zimehitimisha kuwa kuwapa dawa watoto wote kwa pamoja hakubadilishi sana wastani wa uzani, kiwango cha damu wala matokeo ya masomo.

Wanaotetea mpango huo hujibu kuwa wastani huo huwajumuisha watoto wengi wasio na minyoo, au walio nayo michache, na hivyo kuficha manufaa wanayopata walioathirika vibaya. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba mtoto aliyepatikana na minyoo anafaa kutibiwa. Mjadala ni kuhusu kuwatibu watoto wote bila kuwapima kwanza. Kwa kuwa gharama ya kumtibu mtoto haifiki dola moja ya Marekani kwa mwaka, na kupima kinyesi cha kila mwanafunzi hugharimu zaidi ya tembe yenyewe, WHO hupendekeza dawa kwa wote mara moja kwa mwaka pale maambukizi yanapofikia asilimia 20, na mara mbili yanapozidi asilimia 50.

Mpango wa kitaifa

Serikali ilianza kutoa dawa za minyoo shuleni kwa kiwango kikubwa mwaka 2009, ambapo watoto wapatao milioni 3.6 walifikiwa. Baada ya kusimama kwa muda, mpango huo ulizinduliwa upya mwaka 2012 chini ya Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu, kwa usaidizi wa wahisani, huku Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) ikipima maendeleo yake. Ulilenga watoto wa kati ya miaka miwili na 14, wakiwemo wale wasiosajiliwa shuleni.

Walimu ndio waliokuwa nguzo ya kazi hiyo. Baada ya mafunzo mafupi, mwalimu huweza kutoa tembe moja ya albendazole ya miligramu 400, ambayo kipimo chake hakitegemei uzani wa mwanafunzi. Dawa ya kichocho, praziquantel, hutolewa kulingana na urefu wa mtoto, unaopimwa kwa ufito wenye alama, na inafaa kumezwa baada ya kula. Hapa ndipo umuhimu wa uji wa asubuhi unapodhihirika, kwani mtoto anayemeza dawa hiyo akiwa na njaa huweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Madhara hayo kwa kawaida huisha yenyewe, lakini yanatosha kuzua uvumi utakaowafanya wazazi wengine kuwaficha watoto wao nyumbani siku ya dawa.

Juhudi hizo zimezaa matunda. Katika shule zilizofuatiliwa na KEMRI, idadi ya wanafunzi wenye minyoo ya udongo ilishuka kutoka takriban thuluthi moja mwaka 2012 hadi karibu asilimia 13 kufikia 2017.

Hata hivyo, dawa huua minyoo waliomo mwilini, lakini haizuii mtoto kuambukizwa tena kesho yake akikanyaga udongo ule ule. Isitoshe, mtoto aliyetibiwa shuleni hurudi katika boma ambamo watu wazima hawajatibiwa. Utafiti uliofanywa Kwale kati ya 2015 na 2017, na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019, ulithibitisha jambo hili. Pale ambapo wanafunzi pekee walipewa dawa mara moja kwa mwaka, maambukizi ya safura katika jamii yalipungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Pale ambapo watu wa rika zote walitibiwa mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2.

Chakula nacho je?

Tiba ikishaondoa minyoo, mwili huhitaji kujengwa upya. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 mwaka 2014. Haya ni maendeleo makubwa, lakini watoto hao ndio wanaoingia darasani leo wakiwa tayari wameachwa nyuma.

Utafiti mwingine uliofanyika humu nchini unaeleza ni chakula gani kinachofaa. Kati ya 1998 na 2000, shule 12 za Embu zilishirikishwa katika jaribio la lishe. Baadhi ya wanafunzi walipewa githeri iliyotiwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula shuleni. Makundi yote matatu yaliyolishwa yaliongeza uzani kuliko lile lisilolishwa. Lakini waliokula nyama ndio walioimarika zaidi katika mtihani wa kufikiri, na walionekana kuwa wachangamfu zaidi uwanjani. Kwa maneno mengine, kushiba ni jambo moja, na kupata lishe kamili ni jambo jingine.

Mpango wa chakula shuleni haukuanza jana. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwalisha wanafunzi wa maeneo kame mwaka 1980. Serikali ilianzisha mpango wake wa kutumia vyakula vinavyokuzwa nchini mwaka 2009, na mwaka 2018 WFP ikakamilisha kuukabidhi mzigo huo kwa serikali. Jijini Nairobi, serikali ya kaunti ilizindua mpango wa Dishi na County mwaka 2023, ambapo mzazi huchangia Sh5 kwa kila mlo.

Mzazi asiye na uwezo wa kununua nyama kila wiki bado ana njia. Omena, maini, mayai, maharagwe, ndengu na mboga za kienyeji kama vile managu, kunde na terere ni vyakula vyenye madini ya chuma. Chungwa, embe au papai baada ya mlo husaidia mwili kuyafyonza madini yaliyomo kwenye mboga na nafaka. Chai, kwa upande mwingine, huyazuia, na kwa hivyo ni heri inywewe saa moja au mbili baada ya chakula badala ya kuandamana nacho.

Kinga nayo haihitaji fedha nyingi. Kuvaa viatu, kunawa mikono kwa sabuni baada ya kwenda msalani na kabla ya kula, kuosha matunda na mboga kwa maji safi, na kutumia choo badala ya vichaka ndizo silaha zinazomkata mnyoo njia. Shule isiyo na vyoo vya kutosha wala maji ya kunawa itaendelea kugawa tembe kila mwaka bila kuumaliza ugonjwa.

Swali kuu linalosalia ni nani atakayelipa. Busia pia ilitoa jibu la aina yake. Mwaka 2001, baadhi ya shule zilipowataka wazazi wachangie kiasi kidogo cha pesa kwa ajili ya dawa, idadi ya wanafunzi waliotibiwa ilishuka kutoka takriban robo tatu hadi chini ya mmoja kati ya watano. Wazazi hao hawakuwa wakatili. Mnyoo haonekani, ilhali karo, unga na mafuta ya taa huonekana.

Funzo hilo linafaa kukumbukwa na wanaopanga bajeti katika serikali kuu na za kaunti, wakati huu ambapo misaada ya kigeni haitegemeki kama zamani. Gharama ikihamishiwa kwa mzazi, dawa itabaki katoni na minyoo watabaki tumboni. Na mayai yakiendelea kumwagwa udongoni, mafanikio yaliyopatikana tangu 2012 yatafutika, na usipoziba ufa utajenga ukuta.