Mchanga wa Uganda: kati ya tanuru la kioo na kinamasi cha Lwera

Msafiri atokaye Kampala kuelekea Masaka hupita, kabla ya kufika Lukaya, katika kinamasi cha Lwera. Pande zote mbili za barabara kuna mafunjo, na katikati yake mirundo ya mchanga inayosubiri malori. Huo kwa sehemu kubwa ni mchanga wa ujenzi. Kusini zaidi, kwenye fukwe za Ziwa Viktoria huko Bukakata na Diimu, kuna mchanga wa aina nyingine: mweupe, laini, na karibu wote ni silika. Huo ndio unaotafutwa na watengenezaji wa kioo.

Silika ni muungano wa silikoni na oksijeni. Punje zake huwa safi pale maji yanapoziosha kwa karne nyingi hadi uchafu mwingine ukaondoka. Peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, joto ambalo ni gharama kubwa kwa kiwanda chochote. Kwa sababu hiyo huongezwa magadi, kama yale yatokayo katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ili tanuru liweze kufanya kazi kwenye nyuzi 1,500 hivi. Kisha huongezwa chokaa ili kioo kisilainishwe na maji. Takriban asilimia 70 ya chupa ya kawaida ni silika. Adui mkubwa wa kazi hii ni chuma, kwani chembe chache tu za kutu hukitia kioo rangi ya kijani. Chupa ya bia huvumilia hilo, lakini kioo cha paneli za umeme wa jua hakivumilii.

Matumizi hayaishii hapo. Wasubuji hutengenezea kalibu za kumiminia chuma kilichoyeyushwa, mamlaka za maji huutumia kuchujia, na viwanda vya vigae na rangi huusaga uwe unga. Unga huo ni hatari: mfanyakazi anayeuvuta kwa miaka mingi bila kinga hupata silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba.

Utata wa Uganda, hata hivyo, umo katika sheria. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 244, inasema kwamba udongo wa mfinyanzi, kifusi, mchanga na mawe yatumikayo kwa kawaida katika ujenzi si madini. Madini ni mali ya serikali. Mchanga ukabaki kwa mwenye ardhi, ambaye aliweza kumuuzia mwenye mashine na kuondoka. Swali la mchanga wa kioo, ambao haujengei nyumba, likawa halina jibu la wazi. Sheria ya Madini ya mwaka 2022 imeanza kuziba pengo hilo kwa kudai leseni kwa anayechimba vitu hivyo kibiashara. Ilikuja baada ya mitambo ya kunyonya mchanga kufanya kazi Lwera kwa miaka kadhaa.

Jambo hili haliwahusu Waganda peke yao. Barabara ya Masaka ndiyo iendayo Mutukula, mpakani na Tanzania, na Katuna, mpakani na Rwanda. Mwezi Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la mto Katonga, magari yakalazimika kuzunguka mbali. Mvua zilikuwa kubwa, lakini wapo waliolaumu pia uchimbaji na ujazaji wa kinamasi, kwa kuwa kinamasi ndicho kinachoyapokea maji ya mto na kuyaachilia polepole kuelekea ziwani.

Mashimo yaliyoachwa Lwera sasa ni madimbwi yenye kina kirefu. Mafunjo hayaoti humo, na mchanga uliotolewa, ambao maji yalichukua enzi nyingi kuutandaza, haurudi.