MITIHANI YA KIINGEREZA INAVYOBADILIKA

Mwezi wa Novemba, 2021, Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Bwana Mutahi Kagwe, alitoa habari iliyowashangaza watu wengi. Miezi michache kabla yake, katika Julai, Kenya na Uingereza zilikuwa zimepatana kwamba wauguzi wa Kenya wasio na kazi wapate njia ya kwenda kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Waziri alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu.

Wengi waliuliza: Yawezekanaje? Muuguzi wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, hufanya mitihani ya kazi yake kwa Kiingereza, na huandika habari za wagonjwa wake kwa lugha hiyo hiyo. Sehemu ya jibu imo katika mtihani wenyewe. Mitihani hii ina desturi zake, nazo zimebadilika sana tangu ilipoanza. Mtu asiyezijua aweza kushindwa hata kama Kiingereza chake ni kizuri.

Mtihani wa Mwaka 1913

Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutoa mtihani wa Kiingereza kwa wageni mwaka 1913. Watahiniwa wa kwanza walikuwa watatu tu. Ada ilikuwa pauni tatu, na mtihani ulichukua saa 12. Watu hao walitafsiri kutoka Kiingereza hadi Kifaransa au Kijerumani, na kinyume chake, wakaandika insha, wakajibu maswali ya sarufi, ya vitabu maarufu vya Kiingereza, na ya jinsi sauti za lugha zinavyotamkwa, kisha wakaandika imla, wakasoma kwa sauti na kuzungumza na mtahini. Wote watatu walianguka.

Mtihani wa namna ile ulipima elimu ya mtu juu ya Kiingereza. Lakini baadaye watu waliohitaji kupimwa waliongezeka, na haja zao zilikuwa nyingine. Mwanafunzi aendaye kusoma uhandisi hahitaji kujua mashairi ya kale. Yampasa kuelewa mwalimu anaposema, na kuandika jambo likaeleweka. Kwa sababu hiyo Marekani ilianza mtihani uitwao TOEFL mwaka 1964, na Uingereza ikaanza wa kwake mwaka 1980, ambao tangu 1989 huitwa IELTS.

Stadi Nne

IELTS hupima stadi nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Kusoma kuna maswali 40 kwa dakika 60. Kuandika pia ni dakika 60, na kazi ni mbili: ya kwanza maneno 150 au zaidi, ya pili insha ya maneno 250 au zaidi. Kusema ni mazungumzo na mtahini kwa dakika 11 hadi 14. Alama ya juu kabisa ni 9.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Baraza linaloandikisha wauguzi na wakunga wa Uingereza hutaka alama 7 katika kusikiliza, 7 katika kusoma, 7 katika kusema, na 6.5 katika kuandika. Kwa hiyo mtu aliyepata 8 katika stadi tatu na 6 katika kuandika hakufikia kiwango, ingawa wastani wake ni mzuri. Zamani kuandika nako kulitakiwa alama 7. Baraza lilipunguza kiwango hicho mwaka 2018. Tena mwaka 2023 liliruhusu mtahiniwa kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, kwa masharti yaliyowekwa.

Wenye IELTS nao wameleta njia ya kurudia stadi moja tu kati ya nne, kwa wale wanaofanya mtihani kwa kompyuta. Jambo hili laweza kumpunguzia mtu gharama. Lakini si kila ofisi wala kila chuo hukubali matokeo ya namna hiyo.

Mashine Badala ya Karatasi

Badiliko kubwa la siku hizi ni kompyuta. TOEFL iliingia katika kompyuta mwaka 1998, na katika mtandao mwaka 2005. Mwaka 2009 ulitokea mtihani wa kampuni ya Pearson ambao majibu yake, hata ya kusema, yalisahihishwa na mashine. Mtahiniwa husema mbele ya kipaza sauti, na hapana mtu wa kumtikisia kichwa.

Tena maswali hayawi sawa kwa watu wote. Mtu akijibu vema, kompyuta humletea maswali magumu zaidi. Akikosea, humletea mepesi, kama mtu apimaye kina cha mto kwa fimbo, akiisogeza hapa na pale mpaka ajue maji yafika wapi. Kwa njia hii maswali machache hutosha. Mtihani wa Duolingo hufanywa hivyo, kwa muda wa saa moja hivi, na mtahiniwa akiwa nyumbani kwake huku kamera ikimwangalia. Ulienea sana mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga vituo vya mitihani. TOEFL nayo ilipunguzwa mwaka 2023 kutoka saa tatu hivi hadi saa mbili, na tangu 21 Januari, 2026, sehemu zake za kusoma na kusikiliza hufuata utaratibu huo wa kubadilisha maswali.

Urahisi huu una hatari zake. Mwaka 2014 runinga ya BBC ilifichua udanganyifu katika vituo fulani vya mitihani huko Uingereza. Maelfu ya wanafunzi wa kigeni walipoteza ruhusa ya kukaa nchini. Wengine walipinga kwamba hawakudanganya, na baadhi yao walishinda mahakamani baada ya miaka mingi ya taabu. Serikali ya Uingereza nayo ina orodha yake ya mitihani inayokubaliwa kwa visa.

Yampasayo Mtahiniwa

Kwanza, kabla ya kulipa ada, aulize ofisi, chuo au baraza analoliomba: Mnakubali mtihani gani, na alama ngapi katika kila stadi? Masharti hubadilika. Tangu 8 Januari, 2026, kwa mfano, Uingereza imepandisha kiwango cha Kiingereza kwa waombaji wapya wa visa ya wafanyakazi wenye ujuzi, kutoka ngazi ya B1 hadi B2.

Pili, ajizoeze kwa namna ile ile ya mtihani wenyewe. Aandike insha kwa kompyuta huku saa ikihesabiwa. Asikilize sauti za watu wa nchi mbalimbali. Azoee kusema peke yake mbele ya mashine, kama mtihani wake ni wa namna hiyo.

Tatu, akumbuke kwamba matokeo ya IELTS na TOEFL kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili tu. Afanyaye mtihani mapema mno huenda akalazimika kulipa tena.

Mwisho, ajihadhari na watu wanaouza vyeti au kuahidi alama. Matokeo huchunguzwa kwa wenye mtihani, na aliyegunduliwa amedanganya aweza kufungiwa mlango kwa miaka mingi. Kuuliza si ujinga. Swali moja lililoulizwa mapema laweza kuokoa ada ya mtihani mzima.