Habib Swaleh: Sharifu aliyewafungulia mlango watu wa ngoma

Vijana wenzangu wa Moshi! Wiki hii tuache kidogo habari za disko na nani kamchukua nani. Nina mzee mmoja wa kuwapeni. Najua kuna atakayeguna, "Aah, mambo ya wazee hayo!" Ngoja kwanza.

Mimi nimekulia Majengo, na msimu wa maulidi sikuwa nakosa. Watoto wa madrasa ndani ya kanzu nyeupe, wanayumba pamoja kulia na kushoto, tari likipigwa unalisikia hadi kifuani. Hata jirani zetu wa kwaya ya Kilutheri walikuwa wanasimama kusikiliza. Muziki mzuri hauulizi dini, ati!

Sasa, maulidi ya matari yana mtu wake. Ni Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleil, sharifu aliyezaliwa Komoro katikati ya karne ya 19, akahamia Lamu. Lamu ya enzi hizo ilikuwa na tabaka zake: juu waungwana wa nyumba za mawe, chini kabisa watumwa. Elimu ya dini ilikuwa mali ya wakubwa. Habib, ambaye kwa ukoo wake angekula nao sahani moja, akaenda kukaa Langoni, pembeni ya mji, kwenye vibanda vya makuti. Akasomesha watumwa na wageni, akatibu wagonjwa.

Na watu wale walikuwa na nini cha kujivunia? Ngoma zao tu. Habib hakuwaambia waziache mlangoni. Alichukua maulidi yaliyotungwa na mwanachuoni wa kisufi, Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, yakawa yanasomwa kwa kuimba na matari.

Wakubwa wakawaka! Ngoma kwenye dini? Na watumwa wakae safu moja na sisi? Mi naona hilo la pili ndilo lililowauma zaidi.

Hakurudi nyuma. Karibu mwaka 1900 Msikiti wa Riadha ukasimama, na chuo chake kikavuta wanafunzi kutoka pwani nzima. Serikali ilifuta utumwa pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa Habib watu walishakaa mkeka mmoja zamani. Alifariki miaka ya 1930, lakini kila Mfunguo Sita Lamu hufurika wageni wa maulidi, na mbio za punda juu yake. Jina la Riadha hata sisi tunalo: si ndiyo ule msikiti wetu wa mjini?

Wapo masheikh wanaosema matari ni bidaa. Wengine wanajibu kwamba ni mapenzi ya Mtume. Mimi si mtoa fatwa, waachie wenyewe. Ninachokiona ni kwamba mzee yule aliwakuta watu waliodharauliwa, akawapokea na walichokuwa nacho mkononi.

Pita Pasua au Njoro jioni, utamkuta dogo anapiga debe kwa ustadi, na watu wazima wanampita wakisema "muhuni huyo". Nani kamuuliza jina lake? Nani kamwambia, ingia ndani na debe lako?

Fikirieni hilo, washkaji. Tukijaaliwa, wiki ijayo.