Kweli au Si Kweli: Yanayosemwa Kuhusu Watu na Mali Zao

Mfugaji hajui thamani ya ng'ombe wake. Watu wa kale waliishi kwa kubadilishana vitu. Zawadi haina hesabu. Maneno haya tumeyasikia darasani, redioni na kwenye semina za maendeleo, na yanasemwa kwa uhakika kiasi kwamba hata sera hutungwa juu yake. Wapo watu ambao kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwa wakiyapima madai ya namna hii palepale yanapohusika. Wanahamia kijijini au mtaani, wanajifunza lugha, wanapima vikapu vya mavuno, wanaandika nani kampa nani nini, na kilirudi lini. Hao ni wanaanthropolojia wa uchumi. Tuyatazame baadhi ya madai hayo kwa macho yao.

"Kabla ya pesa, watu waliishi kwa kubadilishana mali kwa mali."

Si kweli, angalau si kama tunavyofundishwa.

Hadithi yenyewe inajulikana. Mvuvi ana samaki na anataka mahindi, mkulima ana mahindi lakini leo hataki samaki, wote wawili wanakwama, ndipo pesa inabuniwa kuwakwamua. Adam Smith aliieneza mwaka 1776 na vitabu vya shule vikairithi. Tatizo ni kwamba kijiji hicho hakijapata kuonekana. Mwaka 1985 Caroline Humphrey wa Cambridge, aliyekuwa amewachunguza Walhomi wa milima ya Nepal, alisema wazi kwamba hakuna mtafiti aliyewahi kueleza jamii iliyoendesha uchumi wake wote kwa kubadilishana vitu, sembuse pesa kuzaliwa humo. David Graeber akaiendeleza hoja hiyo katika kitabu chake kikubwa kuhusu madeni, mwaka 2011.

Mvuvi na mkulima wa kijiji kimoja hawakwami kwa sababu wanajuana. Mmoja anachukua mahindi leo, mwenzake anajua samaki watakuja upepo ukitulia. Ni mkopo usio na karatasi. Kubadilishana mali kwa mali kupo, ila mahali pake hasa ni baina ya watu ambao hawawezi kukopeshana: wageni na jamii jirani, kama wanawake wa Kikuyu waliobeba vyakula hadi kwa Wamaasai na kurudi na ngozi na mifugo. Huzuka pia pesa inapoadimika kwa watu walioizoea. Urusi ya miaka ya 1990 ilishuhudia viwanda vikilipana kwa bidhaa, na wafanyakazi wakipewa bidhaa badala ya mshahara.

"Mfugaji anafuga kwa sifa, hana hesabu."

Si kweli, na dai hili limetuumiza.

Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits alichapisha utafiti mrefu kuhusu ng'ombe katika Afrika Mashariki. Aliuandika kutokana na vitabu vya maktaba, si kutokana na kuishi na wafugaji. Alitaka kuonyesha jinsi ng'ombe walivyofungamana na ndoa, ibada na heshima. Waliomfuata walisoma humo jambo jingine: kwamba Mwafrika amepumbazwa na wingi wa mifugo. Fikra hiyo iliwafaa sana watawala. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipowalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe, maelfu yao waliondoka Ukambani hadi Nairobi kumwona gavana, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akaishia kuhamishiwa Lamu kama mfungwa.

Waliokwenda kuishi na wafugaji walileta habari tofauti. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu Waturkana wa Kenya na Wajie wa Uganda, alieleza jinsi kila mwanamume anavyojijengea mtandao wa ndugu, wakwe na marafiki ambao anaweza kuwaomba mnyama, nao wanaweza kumwomba yeye. Mvua ikikosekana upande mmoja au ugonjwa ukifyeka zizi, mtu huanza upya kwa mifugo ya wenzake wa upande wa pili. Ng'ombe anayetolewa mahari au kupewa rafiki ni akiba iliyowekwa mahali ambapo ukame huu hautafika. Harold Schneider naye aliishi kwa Wanyaturu wa Singida, akaona watu wanaopiga hesabu kali: nafaka inayozidi hugeuzwa mifugo, samadi ya mifugo inarutubisha shamba, shamba linatoa nafaka. Mwanauchumi yeyote angewaelewa, alisema Schneider, kama angekubali kwamba ng'ombe nao ni mtaji.

Kuna malisho yaliyochoka, hilo halibishaniwi. Lakini anayetaka mfugaji auze nusu ya kundi aeleze kwanza, baada ya ukame ujao familia hiyo itaanza na nini.

"Zawadi haina hesabu."

Si kweli. Fungua daftari la harusi yoyote Dar es Salaam. Kuna safu ya majina, safu ya ahadi, safu ya kilicholipwa, na pembeni kalamu nyekundu kwa wanaosuasua. Harusi ikipita, daftari halitupwi. Linawekwa kabatini, na siku kadi ya mchango inapofika kutoka kwa mtu fulani, mama wa nyumba analitoa na kupitisha kidole kwenye majina: huyu alitutolea elfu hamsini kwenye sendofu ya binti yetu, na bei za siku zile si za leo, kwa hiyo tusishuke chini ya sabini. Misibani ni vilevile, ila sauti ni ya chini zaidi.

Mfaransa Marcel Mauss aliligeuza jambo hili kuwa nadharia mwaka 1925. Alikusanya habari za jamii nyingi, kuanzia visiwa vya Pasifiki hadi Roma ya kale, na kuona wajibu wa aina tatu ukijirudia: wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Sehemu ya ushahidi wake mzito ilitoka kwa Bronisław Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, kati ya mwaka 1915 na 1918. Wanaume wa huko walikuwa wakivuka bahari ya hatari kwa mitumbwi ili kupeana mikufu ya kombe nyekundu na vikuku vya kombe nyeupe. Mikufu huzunguka visiwa kwa mwelekeo wa mshale wa saa, vikuku kinyume chake. Hakuna anayekaa navyo milele, na ukubwa wa mtu hupimwa kwa vitu mashuhuri vilivyopita mikononi mwake. Kwenye mzunguko huo kupigania bei ni aibu. Ila katika safari ileile, pembeni, watu hao hao walibadilishana vyakula na vyombo vya kawaida huku wakivutana bei bila soni. Walijua vizuri tofauti ya mambo hayo mawili.

Hesabu ya zawadi basi ipo, lakini ina adabu zake. Aliyekupa elfu hamsini leo, ukimrudishia elfu hamsini kesho asubuhi umemtukana, maana umemwambia hutaki kuhusiana naye. Sharti muda upite na kiasi kibadilike kidogo, ili mmoja awe anamdai mwenzake siku zote. Deni hilo dogo lisiloisha ndilo linalofanya watu waitane tena.

"Wawindaji na wakusanyaji wanahangaika na njaa kutwa."

Kwa sehemu kubwa si kweli, ingawa nao waliokanusha walitia chumvi. Mwaka 1964 Richard Lee alikaa Dobe, Botswana, akaandika kila siku nani kaenda porini na nani kabaki kambini. Aliona mtu mzima akitumia kama saa 12 hadi 19 kwa wiki kutafuta chakula. Marshall Sahlins alichukua takwimu hizo na kudai kwamba hawa ndio matajiri wa kwanza duniani, kwa kuwa wanataka vichache na wanavipata. Baadaye Lee mwenyewe alijumlisha kutengeneza zana na kazi za nyumbani, saa zikapita 40. Wengine wakakumbusha kuhusu vifo vya watoto wachanga. Njaa ya kutwa haikuwepo. Pepo nayo haikuwepo.

Mimi navutiwa zaidi na alichokiona James Woodburn kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyama ya mnyama mkubwa haikuwa ya aliyemuua. Kambi nzima ilikuwa na haki nayo. Wanaume walikuwa na mchezo wa kamari uitwao lukuchuko, wanarusha vipande vya gome la mti, na kinachoshindaniwa ni mishale ya sumu, visu, na hata viko vya jiwe linalopatikana sehemu moja tu ya nchi yao. Aliyejikusanyia vitu leo anavipoteza kesho, na jiwe la upande mmoja linamfikia mtu wa upande wa pili bila mfanyabiashara kati yao. Lakini upinde wa mtu, mishale yake isiyo na sumu na mfuko wake wa ngozi havichezewi, kwa hiyo hata aliyefilisika kwenye kamari anaweza kuwinda kesho yake. Mtu wa nje akiwaona angesema ni uvivu.

"Soko linaua ukarimu."

Si kweli kirahisi hivyo, na hapa hata sisi tunaopenda kuusifu ujamaa wa kale inabidi tusikilize. Miaka ya 1990 kundi la watafiti wakiongozwa na Joseph Henrich walipeleka mchezo mmoja kwenye jamii ndogo 15. Unapewa fedha, unapendekeza kiasi cha kumgawia mtu usiyemjua. Akikubali mnagawana, akikataa wote mnakosa. Nadharia ya vitabuni inasema utoe kidogo kabisa naye apokee. Hakuna jamii hata moja iliyocheza hivyo. Wawindaji wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao hawawezi kuvua bila kushirikiana, walitoa zaidi ya nusu. Waau na Wagnau wa Papua New Guinea wakati mwingine walikataa hata zaidi ya nusu, kwa sababu kupokea kikubwa ni kujifunga deni. Wahadzabe walitoa kidogo na kukataliwa mara nyingi. Waorma wa Kenya, wafugaji waliozoea kuuza na kununua, walikaribia nusu. Na walipochezeshwa mchezo mwingine, wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua mara moja na kuuita harambee.

Kwa jumla, kadiri jamii ilivyozoea soko na kazi za ushirika, ndivyo ilivyogawa kwa usawa zaidi na mtu isiyemjua.

"Pesa ni pesa, haina harufu."

Waluo wa magharibi mwa Kenya wangekukatalia. Parker Shipton alieleza mwaka 1989 kwamba kwao fedha iliyotokana na kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku, bangi au jogoo wa boma ni fedha chungu. Ukinunulia ng'ombe wa mahari, unaialika balaa kwenye ukoo. Ardhi inauzwa hata hivyo, na fedha inaweza kutakaswa. Lakini noti mbili zinazofanana mfukoni si kitu kimoja. Si kweli, basi.

"Uchumi wa watu huujui mpaka ukae nao."

Kweli, ila kukaa peke yake hakutoshi. Malinowski alikaa, akajifunza lugha, akaandika kwa ufundi ambao hadi leo unasomwa. Miaka ya 1970 Annette Weiner alifika visiwa vilevile, akaona kitu ambacho Malinowski alikipita: mafurushi ya majani makavu ya mgomba, mali ya wanawake, yakigawiwa kwa maelfu baada ya mazishi. Waume walikuwa wakitumia viazi vikuu vyao na fedha zao kuwasaidia wake zao kuyapata. Sehemu kubwa ya uchumi wa Trobriand ilikuwa mikononi mwa wanawake, na mtaalamu mkubwa kuliko wote hakuwa ameitia hesabuni.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma fani hii Dar es Salaam, Nairobi na Makerere: Kariakoo, Gikomba na Owino zipo hatua chache kutoka madarasani kwenu, na mama zenu wana madaftari ya vikoba, ya chama na ya michango ambayo mtafiti wa nje hawezi kuyasoma kama ninyi. Ombeni ruhusa, kaeni nao, muyaandike.