Kutoka Nyamukubi hadi Kilwa: marafiki wawili mbele ya magofu ya kale

KALEHE – Wanawake wawili waliokulia pamoja Nyamukubi, wilayani Kalehe, jimboni Kivu Kusini, walifunga safari mwezi wa saba 2024 hadi Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, kutazama magofu ya mji uliokuwa na nguvu pwani yote karne saba zilizopita. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwenzake anauza vitenge Bukavu. Wote wawili wameomba majina yao yasitajwe.

Ukisema Kilwa mjini Bukavu, wengi watafikiria ile ya Katanga, kando ya ziwa Mweru. Mwalimu naye alifikiria hivyo pale rafiki yake alipompigia simu kumwambia atafute pasipoti. Mfanyabiashara huyo alikuwa akienda Dar es Salaam kununua bidhaa, na safari hii aliamua kumlipia mwenzake nauli. Si kwa sababu ya anasa. Mwalimu alimpoteza mama yake na wadogo zake wawili tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko, mito ilipofurika na kufagia Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na serikali ilitangaza siku ya maombolezo ya taifa tarehe 8 Mei. Mwaka mzima baadaye mwalimu alikuwa bado anataka kujenga upya kwenye kiwanja kilekile.

“Nilimuambia, da, twende kwanza uone mahali pengine, kisha utaamua,” anasema mfanyabiashara.

Walivuka Rusizi, wakapanda basi Kigali, wakapita mpaka wa Rusumo, kisha barabara ndefu ya Tanzania ambayo abiria wengi huikumbuka kwa uvimbe wa miguu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300 tena kuelekea kusini. Hapo mgeni huchukua kibali na mtu wa kumtembeza, halafu mashua humvusha hadi kisiwani. Watoto waliwapokea kwa “shikamoo”. Hawakujua kwamba jibu ni “marahaba”. Wakajibu “jambo”, watoto wakacheka.

Msikiti Mkuu ndio uliowasimamisha muda mrefu zaidi. Sehemu yake ya kaskazini ilijengwa karne ya 11, na ile kubwa yenye kuba iliongezwa karne ya 14. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo kwa kuni. Hakuna saruji, hakuna nondo. Nguzo zimesimama, na kuba kadhaa bado zinafunika vichwa vya wageni. Upande mwingine, juu ya jabali linalotazama bahari, ipo Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hassan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Dhahabu kutoka Sofala ilipitia Kilwa, na mji ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Moja ilichimbuliwa mbali sana, katika magofu ya Great Zimbabwe.

Bwawa lile lilimchekesha mfanyabiashara. Mwalimu hakucheka. Alimuuliza mwongozaji nyumba za watu wa kawaida zilikuwa wapi.

Swali hilo lina jibu la zamani. Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja huko Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji kwa uzuri, lakini aliandika kwamba nyumba zake ni za miti. Kilichobaki leo ni cha sultani, cha matajiri na cha ibada. Nyumba za wavuvi na wakulima zilikwenda na mvua na mchwa, kama zinavyokwenda za Kalehe.

“Pale nilikaa chini,” anasema mwalimu. “Nilifikiria nyumba ya mama. Haina hata jiwe moja yenye ilibakia. Nikaona kumbe hata huku, maskini hakuachaka kitu.”

Hata mawe hayako salama. Karibu na ufuko ipo Gereza, ngome ambayo Wareno waliijenga mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya baadaye. Mawimbi yalikuwa yameila, na mikoko iliyokuwa ikizuia maji ilikuwa imekatwa. UNESCO, iliyoiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, iliihamishia kwenye orodha ya hatari mwaka 2004. Kuta zilishikizwa, kingo zikajengwa ufukoni, mikoko ikapandwa tena. Mwaka 2014 ikatolewa kwenye orodha hiyo.

Mbele ya mikoko hiyo marafiki waligombana, kwa Kihavu, ili mwongozaji asielewe. Mfanyabiashara alisema: umeona, hata mawe ya wafalme yanahitaji mtu wa kuyazuia yasiende, wewe nani atakuzuilia mto? Mwalimu alijibu kwamba hapa walipanda miti, hawakuhama. Hoja zote mbili zina uzito kwa yeyote aliyeiona milima mitupu juu ya Nyamukubi. Usiku huo, Kilwa Masoko, walilala bila kusemeshana.

Waliporudi, mwalimu hakujenga. Alipanga chumba Kalehe-centre, na kwenye kiwanja cha mama yake akapanda mianzi kando ya mto. Rafiki yake alimletea miche ya kwanza kutoka Kavumu, bila maneno mengi.

Tangu vita vilipofika Kalehe na Bukavu mwanzoni mwa 2025, mfanyabiashara hajarudi Dar es Salaam. Bidhaa zilipungua, benki zilifungwa. Picha ya Msikiti Mkuu, iliyochapwa kwenye karatasi ya kawaida, imebandikwa ukutani darasani kwa mwalimu, ambako wanafunzi wa darasa la sita wameuliza zaidi ya mara moja nani alifyeka nyasi zile.

Wawili hao wana likelemba yao, dola tano kwa wiki inapowezekana. Wanataka kuona Songo Mnara, kisiwa cha jirani, ambacho safari ile hawakukifikia kwa sababu pesa ya mashua iliisha.