Mdomo wa Chuma: Usinunue Mng'aro

Bamura wa Itumbe, leo tubonge saksafoni. Siku hizi harusi nyingi huku Gusii lazima kuwe na msee amesimama kando ya spika, alto shingoni, anachapa ngoma ya kuingiza bibi harusi. Hiyo ni wera safi na inaleta chapaa. Na yut wengi wakishika doh ya kwanza, wanawaza kitu moja tu: kutoa ule mdomo mweusi uliokuja na alto na kuweka wa chuma, wa rangi ya dhahabu. Chuma ni fiti, sikatai. Lakini ukiinunua ju inang'aa, umechoma doh.

Sauti haitoki kwa chuma. Inatoka kwa nafasi yenye pumzi inapitia. Wazee wa obokano, ile ala yetu ya nyuzi, wanajua hii kitu kitambo: nyuzi ni 8, lakini toa lile tumbo la ala uone kama kuna mngurumo utabaki.

Shika huo mdomo, yaani mausipisi, uicheki ndani kwa mwangaza. Kuna dari, ile sehemu inaangaliana na ridi, kile kijiti chembamba kinachotetemeka ukipuliza. Ikikaa karibu na ridi, pumzi inabanwa, inapita mbio, na sauti inatoka kali ya kukata. Ikiwa mbali, sauti inanona. Nyuma ya dari kuna chumba. Chumba kidogo kinasukuma sauti mbele, kikubwa kinaituliza. Sasa, mausipisi mingi ya chuma inachongwa na dari ya karibu na chumba kidogo, ndio maana watu wanadhani ni chuma inapiga kelele. Chonga raba ngumu vile vile ndani, na wageni kwa tenti hawatajua umebadilisha.

David Sanborn, Mmarekani aliyededi Mei 2024, ndiye alifanya mayut wengi duniani watamani chuma kwa alto. Alikuwa anatumia mausipisi ya Dukoff, dari ya karibu kabisa, mwanya mpana. Msikize kwa albamu ya David Bowie ya 1975, Young Americans, utaelewa. Lakini huyo jamaa alianza kupuliza akiwa mtoto, baada ya polio, ndio mapafu yapate nguvu. Hiyo sauti ilijengwa miaka mingi. Haikuja na kifurushi cha posta.

Mwanya ndio unaumiza wengi. Huo ni umbali kati ya ncha ya mausipisi na ncha ya ridi. Yamaha 4C, ile wengi tunaanza nayo, ina milimita 1.7 hivi. Ruka kutoka hapo hadi mpana sana na midomo itachoka kabla keki ikatwe, na noti za chini zitakataa kutoka. Halafu usiamini namba peke yake, ju kila kampuni ina hesabu yake. Berg Larsen wako wazi kidogo: ukiona 85/1, 85 ni mwanya kwa sehemu za elfu moja za inchi, kama milimita 2.16, na hiyo 1 ni aina ya chumba. Sufuri ndio kali zaidi, 3 ndio tulivu. Mwanya ukiongezeka, shusha ugumu wa ridi. Ka unapuliza namba 3, jaribu 2 na nusu.

Na baridi yetu hii ya majani chai? Asubuhi chuma inakuwa barafu mdomoni na sauti ya alto inaanza ikiwa chini ya ile ya kinanda. Puliza pumzi ya moto ndani kwanza, alafu ndio utune. Ikishapata joto sauti inapanda, kwa hivyo tune tena kabla ya kuanza. Chumba kidogo pia kinapandisha sauti, utalazimika kuvuta mausipisi nje kidogo kwa koki ya shingo ya alto. Bandika kiraka cha raba pale meno yanagusa, la sivyo mtetemo utakusumbua kichwani. Na ile pete ya kubana ridi yako ya zamani haitaingia, ju chuma ni nyembamba. Hakikisha unauziwa na pete na kifuniko chake.

Kuna sababu ya ukweli ya kuweka chuma huku kwetu: unapiga nje, jenereta inanguruma, maiki ni moja na MC ameikwamilia. Hapo sauti ya kukata inakuokoa. Lakini ka wera yako kubwa ni kupiga na kwaya kanisani, Sabato kwa Sabato, baki na raba ngumu, sauti ichanganyike na watu.

Ukienda kununua, beba alto yako na ridi zako, weka app ya kutune ya simu hapo mbele, na uanze na noti ya chini kabisa, polepole. Ikigoma, rudisha kwa kabati hata ka ni ya dhahabu. Muuzaji akikataa uijaribu, toka kwa hiyo duka na doh yako.